Nyumba ya kiwandani iliyoingia maji: angalia kingo kabla ya bei

Tangazo huwa fupi: vyumba vitatu, bei nusu ya nyumba za jirani, "ina uharibifu wa maji, inauzwa kama ilivyo". Likitua kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Texas, Kentucky au Iowa, ubishi unaanza. Mmoja anasema maji ni jambo dogo, piga rangi uhamie. Mwingine anajibu kwamba hizo ni trela tu, usiguse. Wote wawili wamekosea kwa sababu moja: hawajauliza nyumba hizi hujengwaje, kwa hiyo hawajui maji yakiingia huelekea wapi.

Tuanze na majina. Nyumba ya kiwandani ni nyumba iliyojengwa yote ndani ya kiwanda juu ya chasisi ya chuma, kisha ikavutwa na lori hadi inapokaa. Nchini Marekani jina hilo lina mpaka wa kisheria: ni zile zilizojengwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976, siku kanuni za HUD, wizara ya nyumba ya serikali ya shirikisho, zilipoanza kutumika. Zilizojengwa kabla ya hapo ndizo zenye haki ya jina la zamani, mobaili homu, ingawa mtaani zote huitwa trela. Kuna za kipande kimoja, upana wa futi 14 hadi 18 hivi, na za vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Usizichanganye na nyumba za moduli. Hizo nazo hutoka kiwandani, lakini hufuata kanuni za ujenzi za jimbo au mji.

Tarehe hiyo ya 1976 si historia tu. Mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya HUD inayodhamini mikopo ya nyumba, hautolewi kwa nyumba iliyojengwa kabla yake, kampuni nyingi za bima huikwepa, na maeneo mengi hayaruhusu ihamishiwe kwenye kiwanja kingine. Nyumba ya mwaka 1972 iliyolowa, hata ikiuzwa kwa bei ya televisheni, ni ya kuachwa.

Utajuaje umri wake? Tafuta bamba jekundu la chuma, ukubwa wa inchi 2 kwa 4, lililogongomelewa nje upande wa nyuma. Kila kipande kina lake. Ndani kuna karatasi ya taarifa yenye jina la kiwanda, tarehe na kanda ya upepo ambayo nyumba ilijengewa. Hubandikwa ndani ya kabati la jikoni, karibu na boksi la umeme au ndani ya kabati la nguo. (Ikibandikwa kwenye kabati la chini ya sinki na sinki likavuja, karatasi ndiyo ya kwanza kuoza.) Bamba likipotea, HUD haitoi jingine. Unaomba barua ya uthibitisho kupitia taasisi ya IBTS, na utahitaji namba ya nyumba iliyochongwa kwenye chuma cha mbele cha chasisi.

Sakafu kwanza, kuta baadaye

Fundi wa Dodoma au Kisumu huchimba msingi, hupandisha kuta, kisha humwaga zege la sakafu katikati ya kuta. Sakafu ikiharibika, ukuta haujali. Kiwandani mambo ni kinyume. Sakafu nzima hutengenezwa kwanza kama kitanda, halafu kuta husimamishwa juu yake na paa hushushwa juu ya kuta. Ni kazi ya seremala wa kabati kuliko ya mwashi.

Jaribu kuikata nyumba kwa macho kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna nguzo za matofali ya zege, na juu yake mihimili ya chuma ya chasisi. Juu ya chuma kuna turubai jeusi lililofunika tumbo lote la nyumba. Linabeba pamba ya faibaglasi inayozuia baridi, na humo humo hupita mabomba ya maji na njia ya bati inayosambaza hewa ya moto. Kisha zinafuata boriti za mbao, aghalabu za mbili kwa sita, zilizopangwa kila inchi 16. Juu ya boriti ndipo hulazwa ubao wa sakafu, na juu ya ubao kuna zulia au plastiki ya vinaili.

Ubao huo ndio kiini cha habari nzima. Katika nyumba nyingi za zamani ni chipubodi ya unene wa inchi 5/8, yaani maranda ya mbao yaliyogandamizwa kwa gundi. Chovya biskuti kwenye chai uone: kwanza inavimba, kisha inalegea, na ukiianika hairudi kuwa biskuti. Chipubodi ni hivyo hivyo. Plaiwudi, na ule ubao wa vipande vikubwa vya mbao uitwao OSB, huvumilia zaidi, japo navyo vina kikomo.

Sasa unganisha. Ukuta wa nje umesimama juu ya kingo za ubao huo. Maji yakiteremka kutoka kwenye dirisha au paa, hushuka ndani ya ukuta na kuishia pale pale kwenye ukingo, chini ya mbao za ukuta. Chipubodi ikilegea hapo, ukuta hukosa pa kukanyaga na huanza kuzama taratibu. Ndiyo maana shimo katikati ya sebule ni kazi ya siku mbili kwa fundi mzuri, ilhali unyevu wa futi tano kando ya ukuta wa nje unaweza kudai ukuta uinuliwe kwa jeki. Muuzaji atakuonyesha shimo. Ukingo hauonyeshi.

Na turubai? Liliwekwa kuzuia panya na baridi, lakini maji yakitoka juu linafanya kazi ya nepi. Bomba likivuja tone tone, pamba hunyonya, turubai hushika, na hakuna kinachodondoka chini. Galoni moja ya maji ina uzito wa pauni 8 na kitu. Tumbo linaweza kubeba galoni nyingi kabla halijaning'inia. Wakati wote huo boriti zinaoga mvuke kutoka chini, na juu sakafu ni kavu kabisa.

Yanatoka wapi

Doa ni mahali maji yalipochoka kutembea. Chanzo kinaweza kuwa futi kumi kando, kwa kuwa maji hufuata kenchi za paa, nyaya na viungio vya mabati kabla hayajapata upenyo wa kushuka.

Paa za bati za zamani, zile za mviringo kidogo, huvuja kwenye viungio na kwenye ukingo ambapo bati la paa hukutana na bati la ukuta. Humo kuna utepe laini wa kuziba ambao hukauka na kupasuka kwa miaka. Kupaka rangi ya kuzuia maji juu ya kutu hakutibu. Kwenye paa lolote, angalia mipira inayovaa mabomba ya kupumulia ya choo na sinki. Jua huipasua, na hiyo ni sababu ya kawaida ya doa karibu na bafu. Nyumba ya vipande viwili ina mshono katikati, kutoka paa hadi sakafu. Doa lililonyooka kama mstari kwenye dari ya sebule linakuelekeza huko.

Madirisha hayazibwi kwa silikoni peke yake. Nyuma ya fremu panatakiwa utepe wa butili unaobanwa kati ya fremu na ukuta. Ukiona silikoni imepakwa tabaka tatu kuzunguka dirisha, mtu amekuwa akipigana na uvujaji bila kuufikia.

Mabomba yana jambo moja la kukariri. Kati ya 1978 na 1995 nyumba nyingi ziliwekewa bomba la plastiki la kijivu liitwalo polibutileni, mara nyingi limechapwa herufi PB2110. Klorini ya maji ya mji hulidhoofisha kutoka ndani, na viungio vyake vya plastiki hupasuka bila onyo. Kesi ya pamoja ya wamiliki dhidi ya watengenezaji ilimalizwa kwa fidia mwaka 1995, na muda wa kudai umekwisha zamani. Ukilikuta, usihesabu gharama ya kuziba tundu moja, hesabu kubadilisha mfumo mzima kwa bomba la plastiki liitwalo PEX.

Hita ya maji nayo hufichwa ndani ya kijumba chenye mlango wa nje, mahali ambapo hakuna mtu anayechungulia. Pete ya nta chini ya choo ikichoka, kila mvuto wa maji huacha kijiko kimoja sakafuni. Mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka, angalau utajua siku hiyo hiyo.

Si kila unyevu ni uvujaji, lakini. Familia ya watu saba inayochemsha maharage na kuanika nguo ndani wakati wa baridi ya Iowa hujaza hewa mvuke, na mvuke hugeuka maji kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati la nguo. Dawa yake ni feni ya bafuni inayotoa hewa nje na fenicha kuachana na ukuta wa nje. Kuna pia mashine ya kukaushia nguo iliyoelekezwa kupuliza chini ya nyumba badala ya nje ya sketi, ule ukuta mwepesi unaozungushwa chini. Ni kosa, na liko kila mahali.

Mafuriko ni ugonjwa mwingine

Maji ya bomba ni safi na huharibu sehemu. Maji ya mafuriko hubeba tope, mafuta na majitaka, na huingia kote kwa wakati mmoja: kwenye pamba, kwenye njia ya hewa, nyuma ya kabati, ndani ya soketi za umeme. Jipsamu ya ukutani huyapandisha kama utambi wa chemli unavyopandisha mafuta, kwa hiyo maji ya inchi sita sakafuni huweza kulowesha ukuta juu zaidi ya hapo.

Muuzaji huweza kubadilisha zulia na jipsamu. Mara chache hukumbuka kuosha chini. Chungulia nyuma ya sketi utafute mstari wa tope wenye kimo kimoja kwenye nguzo zote, kutu mpya kwenye mihimili ya chuma kwa kimo hicho hicho, au majani makavu yaliyokwama juu ya chasisi. Fungua kifuniko cha tundu la hewa la sakafuni, ingiza mkono wenye glavu. Tope jembamba humo ni ushahidi usiohitaji wakili.

Kisha angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali la kushughulikia maafa, ambayo ni bure mtandaoni. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hatari, kuna kanuni ambayo wanunuzi wengi huijua wakiwa wameshalipa: gharama ya kuitengeneza ikifika asilimia 50 ya thamani ya nyumba kabla haijaharibika, bila kuhesabu ardhi, mji unaweza kukutaka uilete kwenye kanuni za sasa za mafuriko, na kwa kawaida hiyo maana yake ni kuiinua juu ya kimo cha mafuriko. Nyumba yenye thamani ndogo huifikia asilimia hiyo upesi. Piga simu ofisi ya ujenzi ya mji au kaunti, wape anwani, uliza kama nyumba imeshahesabiwa kuwa imefika asilimia hiyo. Nyumba iliyozama hadi juu ya sakafu, kwa maoni ya makala hii, ni ya fundi mwenye muda na karakana, si ya familia inayotaka kuhamia mwezi ujao.

Siku ya kukagua

Beba tochi, bisibisi bapa, pimamaji, kipimo cha unyevu cha sindano mbili, kinyago aina ya N95 na nguo za kutambaa. Nenda baada ya mvua ikiwezekana.

Anza chini, si ndani. Turubai lililoning'inia kama kitambi lina maji au panya, na yote mawili yana maelezo. Tazama udongo: unapaswa kuteremka ukitoka nyumbani, angalau nusu inchi kwa kila futi katika futi kumi za kwanza, na kufunikwa kwa nailoni nzito ya mili 6, yaani sehemu sita za elfu za inchi. Dimbwi chini ya nyumba hulegeza nguzo, nyumba huinama, milango hukwama, na viungio vya paa hufunguka. Hapo uvujaji wa juu umeanzia ardhini, na fundi wa paa hatauona. Sketi nayo iwe na matundu ya hewa, futi moja ya mraba kwa kila futi 150 za mraba za sakafu pale ambapo ardhi haikufunikwa.

Ndani, tembea ukiburuza miguu kandokando ya kuta zote za nje, mbele ya kila mlango, kuzunguka choo na bafu, mbele ya hita ya maji. Sakafu nzuri haibonyei. Chomeka bisibisi kwenye kona ya kabati la chini au chini ya kifuniko cha tundu la hewa, ambapo ubao uko wazi. Ikizama bila kubishana, ubao umekwisha. Kipimo cha unyevu kikisoma chini ya asilimia 16 kwenye mbao, ni kavu. Kikivuka 20, maji bado yanaingia au hayajapata njia ya kutoka, hata kama muuzaji ameapa kwamba aliziba mwaka jana.

Jaza bafu hadi juu, kisha achia maji yote mwenzako akiwa chini na tochi. Vuta choo mara tatu. Funga bomba zote na uangalie mita kwa nusu saa. Ikisogea, kuna uvujaji. Kwa dirisha linaloshukiwa, mwagia maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda polepole, dakika kumi kila kimo. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua tundu lilipo.

Ukikodi mkaguzi, muulize swali moja kabla ya bei: je, unatambaa chini na kufungua turubai? Anayekagua kwa kusimama mlangoni hana kazi hapa.

Yanayosemwa mtaani

"Sakafu ni mpya." Mara nyingi kilicho kipya ni vinaili tu, imelazwa juu ya chipubodi iliyolegea. Plastiki hiyo hufunga unyevu na kuharakisha kuoza.

"Kuvu huuawa kwa klorini." Klorini hung'arisha uso wa kitu kigumu. Kwenye mbao na jipsamu mizizi hubaki ndani, na maji yaliyomo kwenye klorini huongeza unyevu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi klorini kama dawa ya kawaida ya kuvu. Jipsamu na pamba zenye kuvu hukatwa na kutupwa. Mbao ngumu husuguliwa kwa sabuni na kukaushwa. Mwongozo wa EPA husema eneo lisilozidi futi 10 za mraba mwenye nyumba huweza kulishughulikia mwenyewe. Wala huhitaji kulipia vipimo vya kujua kuvu ni wa aina gani, kwa sababu jibu halibadilishi kazi.

"Bima italipa." Bima ya kawaida hulipa ajali ya ghafla, bomba lililopasuka usiku. Uvujaji wa miaka na uharibifu uliokuwepo kabla hujanunua havimo, na mafuriko yana bima yake, ambayo ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Mwombe muuzaji akupe ripoti ya CLUE, inayoonyesha madai ya bima yaliyowahi kufanywa. Yeye kama mmiliki anaweza kuiagiza.

Kazi yenyewe

Chanzo huzibwa kwanza, na umeme huzimwa. Turubai hutobolewa mahali palipoinama zaidi, ndoo ikiwa chini na fundi akiwa kando. Pamba yote iliyolowa hutolewa, na tumbo huachwa wazi feni zikipuliza hadi boriti zisome chini ya asilimia 16. Wanaofunga mapema huzika unyevu.

Ubao mbovu hukatwa kwa msumeno uliowekwa kina cha inchi 5/8 kamili, kwa kuwa nyaya na mabomba yako chini tu. Kata hadi katikati ya boriti nzima, si pale uozo unapoonekana kuishia. Boriti iliyoliwa kidogo hubebeshwa mbao mpya ubavuni. Kila ukingo usio na boriti chini yake hupata kipande cha mbili kwa nne cha kuukalia. Kisha plaiwudi ya unene ule ule, gundi, na skrubu kila inchi 6 kingoni. Shiti moja ni futi 4 kwa 8, yaani futi 32 za mraba. Bafu na korido vinaweza kula nne. Mwisho pamba mpya, na kiraka cha turubai chenye gundi yake. Mkanda wa kawaida wa kufungia maboksi huachia msimu wa kwanza wa joto.

Karatasi

Katika majimbo mengi nyumba hii ina hati kama kadi ya gari, au logibuku kwa Wakenya, hadi itakapofungwa rasmi kwenye ardhi ya mwenyewe. Hakikisha jina kwenye hati ni la anayekuuzia, na hakuna deni la kodi au la mkopo juu yake. Kama imekaa kwenye eneo la nyumba za kiwandani ambako wakazi hukodi kiwanja, msimamizi wa eneo lazima akukubali wewe na hali ya nyumba pia. Pata orodha ya matengenezo anayodai kwa maandishi, kabla ya kulipa. Kuihamisha si jawabu jepesi. Sakafu iliyooza kingoni inaweza kuvunjika barabarani.

"Kama ilivyo" maana yake muuzaji hatatengeneza. Haimaanishi huruhusiwi kukagua, kwa hiyo mkataba useme unaweza kujitoa na kurudishiwa amana ukaguzi ukileta mabaya. Angalia sana mikataba ya kulipa kidogo kidogo, ambapo mwenye nyumba hubaki na hati hadi dola ya mwisho. Anayejua bodaboda ya mkataba anaelewa mchezo huo, tofauti ni kwamba hapa wewe ndiye unayenunua plaiwudi, boriti na paa wakati kadi ingali na jina la mwingine, na ukikosa malipo ya miezi miwili, sakafu mpya inabaki kwake.